Ufunguo Kiunoni, Pampu Stooni

Mwanangu Minza,

Salamu sikupi. Tumeonana jikoni muda mfupi uliopita, umenipa shikamoo fupi kama mkia wa mbuzi, nami nimeitika marahaba bila kukutazama. Kwa hiyo tumeshasalimiana. Hali zetu unazijua: mimi mzima ila nimekasirika, mama yako mzima ila ameninunia, na wewe mzima ila unapiga pasi nguo zako kana kwamba zimekutukana.

Naandika nikiwa dukani, jua bado lipo. Mlango nimeurudisha nusu, wateja wadhani nimefunga na wezi wadhani nipo. Shule mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza kwa hisani ya mwalimu mmoja aliyependa maziwa ya ng'ombe wa baba yangu. Ukikuta herufi zimelala, ziache zilale, zimechoka kama mwenyewe.

Mambo ya safari sikuandikii. Kwamba pochi ikae kifuani, kwamba usipokee chakula cha mtu ndani ya basi, kwamba ukifika Dodoma upige simu, hayo mama yako ameyasema mpaka kuku wameyashika. Mimi nina jambo moja tu, na unalijua. Uliniomba kwamba kabla hujaondoka nikubali kumbukumbu za duka zitoke kwenye hii kompyuta zikahifadhiwe huko mnakokuita kwenye wingu. Pampu zipo ngapi, mipira, mikanda, kipi kipo hapa Ngokolo, kipi kipo Katoro kwa kaka yako Masele, kipi kimeshaahidiwa nani. Wewe uone ukiwa Dodoma, Masele aone akiwa kule kwa wachimbaji, mimi nione nikiwa hapa, na wote tuone kitu kimoja. Nikasema hapana. Ukauliza kwa nini. Nikasema kwa sababu mimi ndiye baba.

Kesho alfajiri unaondoka, na jibu hilo la kipumbavu ndilo lililobaki kati yetu. Ukipanda basi nalo, mwanangu, duka litakuwa limekupoteza na mimi nitakuwa nimekupoteza, halafu nitabaki hapa nasifiwa na mbu.

Ngoja. Simu inalia. Ni huyo huyo kaka yako.

Nimerudi. Nakuandikia kama ilivyokuwa, ili ujue napitia nini.

"Shikamoo baba. Ule mkanda mrefu wa karasha ya kusagia mawe, upo huko?"

"Marahaba. Subiri."

Nikainuka. Nikatafuta ufunguo, nikafungua kufuli la kwanza, nikafungua la pili, nikawasha kompyuta. Ikaanza kuhema kama ng'ombe mwenye homa. Nikasubiri. Ikaniuliza kitu kwa Kiingereza, nikabonyeza ndiyo, kama ninavyofanya siku zote. Nikautafuta mkanda, nikaupata.

"Upo, Masele. Mpya kabisa."

"Mteja kashaondoka, baba."

"Kaondoka kwenda wapi, na mkanda ninao mimi?"

"Duka la jirani. Yule kaangalia kwenye simu yake tu, akamwambia upo Kahama, kesho asubuhi utakuwa hapa."

"Kwa hiyo wa Kahama unafika Katoro kabla ya wangu?"

"Wa kwako haujatoka hata kwenye kufuli, baba."

Nikamkatia. Mtoto mwenye ndevu asiyekuwa na adabu. Lakini unaona sasa kwa nini nimekasirika. Ningekasirishwa na wengine ningelala vizuri. Tatizo ni kwamba kila nikimtafuta wa kumgombeza, nakuta nimekaa kwenye kiti chake.

Hebu tuanze na hilo zizi la chuma nililoifungia kompyuta. Wewe ulikuwa bado chuoni nilipoinunua kompyuta. Wiki hiyo hiyo wezi wakavunja duka la vipuri la jirani yetu, wakabeba mpaka feni. Nikamwita fundi wa kuchomelea, nikamwambia, nitengenezee kitu ambacho hata mimi nikilewa siwezi kukifungua. Akanifanyia kazi ya nondo nene, milango miwili, makufuli mawili, akaifunga ukutani kwa boliti. Mama yako akaleta kile kitambaa chake cha kufuma, nikakitandaza juu kwa ajili ya vumbi. Nikakaa kwenye kiti nikaitazama. Nikajiona mtu.

Ukaja likizo. Ukasimama hapo kaunta, ukaitazama, ukanitazama.

"Baba, hii kompyuta imefanya kosa gani?"

"Haijafanya kosa."

"Mbona umeifunga jela?"

Nilicheka, na wewe ukacheka. Ulikuwa bado unacheka na mimi wakati huo. Ukanieleza kwamba mwizi akija ataondoka na bati la kompyuta, na bati linanunulika. Shida ni vilivyomo ndani, ukasema, hivyo vikipotea havinunuliki popote, na vilivyomo ndani havilindwi kwa nondo. Nikakuambia, mwanangu, kitu ninachokiona kwa macho yangu, kilichofungwa kwa ufunguo ulio kiunoni kwangu, hicho ndicho kitu salama. Maneno matamu hayo. Niliyasema nikiwa nimeegemea kaunta kama mbunge.

Halafu ukamaliza chuo, ukarudi, ukakaa na mimi dukani. Kila mwezi ulinieleza upya, kwa upole, kama unamlisha mgonjwa uji. Nami kila mwezi nilikuwa na jibu jipya. Mara mtandao wetu unakatika. Mara umeme. Mara nikakuambia mawingu ya Shinyanga nayajua tangu nikiwa mchunga ndama, yanapita tu yakienda kunyesha kwa wengine. Ukasema, "Baba, huko ni kwenye majumba ya kompyuta kubwa za watu, si angani." Nilijua hivyo. Nilikuwa nakuchokoza tu. Nimegundua kwamba mzee akikosa hoja hugeuka mchekeshaji, na watu wakicheka anadhani ameshinda.

Na yule kijana uliyemleta? Yule wa suruali iliyombana kama soksi. Alikaa hapa akaongea Kiingereza na Kiswahili vikiwa vimechanganywa kama makande mabichi. Nikamuuliza, "Kijana, mtandao ukikatika, mimi nauzaje?" Akasema, "Mzee, hiyo haiwezi kutokea." Palepale taa ikazimika, duka zima giza, feni ikasimama. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamfukuza kwa heshima zote.

Wewe ulinieleza ukweli baadaye, jioni, baada ya aibu kuisha. Ulisema mtandao utakatika, hilo lipo, lakini simu inashika tulichoandika, na mtandao ukirudi inapeleka yenyewe. Ulisema mashine yetu ikiungua leo, kesho tunafungua nyingine, hata ya kuazima, na duka lote linatokea hapo kama lilivyokuwa. Ningekusikia wewe kwanza, mambo yangekuwa tofauti. Lakini mimi nilikuwa nimeshapata ushindi wangu wa feni, sikutaka mtu auharibu.

Sasa nifike kwenye lile linaloniuma. Hatujawahi kulizungumza vizuri, tumekuwa tukilizunguka kama kinyesi njiani.

Masika ile, shangazi yangu alifariki. Nikaenda msibani kijijini, kule ambako ukitaka mtandao unapanda juu ya kichuguu na kuinua mkono kama unaomba ruhusa ya kujisaidia. Nikaondoka na funguo zote kiunoni. Za kompyuta na za stoo ya nyuma. Wewe nilikuachia duka la mbele, misumari na mipira, kama mtoto aliyeachiwa chungu kisicho na mboga.

Ndipo Mama Zawadi alipompigia Masele. Unamjua Mama Zawadi, yule mama wa machimboni mwenye sauti ya kufukuza fisi, mwenye duara lake mwenyewe. Shimo lile alilichimba na vijana wake tangu kiangazi, wakaweka magogo ya kuzuia kuta, wakaanza kuona mawe yenye matumaini. Mvua ikafululiza. Maji yakaanza kuingia chini, na pampu yake ikafa. Akataka ya dizeli, inchi tatu, siku hiyo hiyo. Masele kwake haikuwepo. Akakupigia wewe. Nawe ulijua stoo ina pampu mbili, uliziona zikishushwa. Ulichokuwa hukijui ni kama nimeshaziahidi kwa mtu, kwa sababu hilo nilikuwa nimeliandika humo ndani ya jela. Na stoo yenyewe imefungwa.

Ulinipigia simu mpaka yako ikaisha chaji. Mimi nilikuwa nakula wali wa msiba.

Niliporudi, pampu zote mbili zilikuwa hapo. Hazikuwa za mtu. Mpya, zina mafuta ya kiwandani bado. Nikakuuliza, na Mungu anajua niliuliza kwa ukali:

"Kwa nini hukuvunja kufuli?"

"Ningevunja ungenifukuza, baba."

"Ningekufukuza halafu ningekurudisha!"

"Mimi ningejuaje utanirudisha?"

Nikaenda kuzihesabu pampu upya, zikawa mbili zile zile.

Magogo yalilowa, kuta zikalegea, duara la Mama Zawadi likajifukia. Vijana walikuwa wameshatoka, Mungu ni mkubwa, hakuna aliyeumia. Lakini jasho la kiangazi chote likazama kwenye tope. Akaja hapa mwenyewe, kutoka Geita yote ile, na matope yake kwenye buti. Unakumbuka alivyosimama mlangoni, akakataa kukaa.

"Mzee Maduhu, nimekuja kuziona."

"Kuona nini, mama?"

"Hizo pampu. Nasikia zilikuwa mahabusu. Nimekuja kuzitembelea, labda zinahitaji sabuni."

Watu walicheka, mpaka yule muuza karanga wa hapo nje. Nikamwonyesha pampu. Akaipiga moja kofi, taratibu, kama mtu anayepiga shavu la mtoto. Akasema, "Ulikuwa hapa, na mimi nakulilia kule." Hakuwa anasema na mimi. Akaondoka. Tangu siku hiyo hajanunua kwetu hata mpira wa maji, na anapita mbele ya duka la Masele akitazama upande wa pili.

Usiku ule kwenye chakula mama yako hakuwa na huruma. Unamjua, akiimba kwaya ni malaika, akishika mwiko ni mahakama.

"Maduhu, ng'ombe wako wanalala nyumba ngapi?"

"Ng'ombe wanaingiaje hapa?"

"Nijibu. Wapo hapa, wapo Meatu, wapo kwa mjomba wako, wapo kwa yule rafiki yako mlevi. Hiyo kompyuta yako inalala nyumba ngapi?"

Ukainamisha kichwa kwenye bakuli ili nisione unacheka. Nilikuona.

Sikulala. Mama yako alikuwa ameniingia kwenye mfupa. Maana sisi Wasukuma, mwanangu, hili jambo tunalijua kuliko hao wenye suruali za soksi. Tunabilisa. Babu yako alikuwa na zizi dogo la kusikitisha, mpita njia angemwonea huruma ampe viazi. Lakini ng'ombe wake walikuwa wametawanywa kwa marafiki na ndugu, mmoja huku, kumi kule. Anayekutunzia anakunywa maziwa, samadi anapeleka shambani kwake, mara mojamoja unampa ndama kwa wema wake. Ng'ombe wanabaki wako. Jirani yetu Nkuba alimcheka sana babu yako. Yeye alilaza wote zizi moja, apate kuwatazama jioni na watu wapate kumwona akiwatazama. Ukaja ugonjwa. Nkuba akabaki na zizi la miiba na fimbo mkononi. Sisi pia tulipoteza waliokuwa nyumbani, wote, nililia mimi kwa ajili ya mmoja mwekundu niliyempenda. Babu yako hakulia. Alivaa viatu akaenda Meatu. Akarudi na majike watatu, tukaanza upya.

Mimi nilikuwepo. Nilitembea nyuma ya majike hao kwa miguu yangu. Halafu nikazeeka, nikafungua duka, nikawa Nkuba.

Unaelewa hasira yangu? Mtu asiyejua akikosea, unamfundisha. Mtu anayejua, aliyekula ugali wa kitu hicho utoto wake wote, akikosea, unamfanya nini? Unampiga na nini?

Na si mara moja. Karasha iliyopo nyuma ya nyumba unaiona kila siku, wewe unadhani ilizaliwa hapo. Zamani kabla ya duka na mimi nilikuwa nachimba. Wachimbaji wenzangu walikuwa na akili: ukipata viroba vyako vya mawe unavipeleka kwenye karasha ya mtu, unasaga, unalipia ulichosaga, unaenda zako. Mwezi wa mawe mengi unasaga mengi, mwezi wa ukame unakaa nyumbani bila deni la chuma. Dizeli ni yake, fundi ni wake, nyundo zikiisha ni shida yake. Mimi nikaona huo ni ujinga, kwa nini nipeleke mawe yangu kwa watu? Nikanunua ya kwangu, kubwa, ya mtu anayetarajia kuwa tajiri Jumatatu. Mawe yakakata Jumanne. Sasa kuku wa mama yako wanataga humo.

Siku uliponiambia kwamba huko kwenye wingu duka dogo linalipia nafasi ndogo, likikua linaongeza, msimu mbaya linapunguza, na mitambo yenyewe inatunzwa na wenye mitambo, nilikuelewa neno kwa neno. Nilikuwa natazama dirishani, naiona karasha, kuku yuko juu yake. Nikakuambia sijaelewa. Ulirudia mara mbili, maskini. Nikakuambia bado.

Sasa unaenda kuifanya kazi hiyo kwa watu wengine. Utawakuta akina Maduhu huko, Dodoma wamejaa, wengine wamevaa tai. Sikufundishi kazi yako, lakini nakufundisha wazee, maana mimi ni mmoja wao na tunanuka kutoka mbali. Usianze na maneno yako ya kitaalamu. Usiicheke jela yake ya nondo, aliichomelea kwa hofu ya kweli. Muulize hivi tu: "Mzee, siku ukienda msibani, ufunguo unabaki na nani?" Halafu nyamaza. Usimsaidie kujibu. Mwache atazame dari.

Na mwambie mabaya pia, kama ulivyoniambia mimi. Ng'ombe hatubilisi kwa mpita njia. Unaijua nyumba ya mtu, unamjua mkewe, unamtembelea bila kumwambia, unawajua ng'ombe wako kwa mabaka yao. Akikuambia mmoja amekufa, anakuletea ngozi. Basi na hao wenye majumba ya kompyuta wachunguzwe hivyo hivyo. Mtu ajue amempa nani, ajue nani anaruhusiwa kuchungulia na nani hapana, na ajue njia ya kuwarudisha nyumbani ng'ombe wake siku urafiki ukiisha. Mtu akikuuzia mahali pa kuingizia bila kukuonyesha mlango wa kutokea, huyo hakutunzii, anakuchinjia.

Nimeandika sana na bado sijasema. Mkono unauma. Boda wamejaa hapo nje wanabishana mpira, nashindwa hata kukasirika kwa utulivu.

Basi nakuambia. Si mtandao, Minza. Si umeme, si yule kijana wa soksi. Baada ya duara la Mama Zawadi nilishaelewa, kichwa kilishakubali. Lakini ndipo ulipopata barua ya kazi. Ukaja umeishika kwa mikono miwili, ukasema, "Baba, tukiliweka duka kule, hata nikiwa Dodoma nitakusaidia kila siku kama nipo hapa." Ulidhani unanipa habari njema. Mimi nilichosikia ni kwamba hakuna tena kitu hapa ambacho hakiwezi kufanyika bila wewe kuwepo. Nikajisemea, kompyuta hii ikibaki imefungwa ukutani, duka litamhitaji mtu wa kusimama mbele yake. Litakwama. Nitampigia nimwambie limekwama. Atarudi.

Ndiyo hivyo. Nilitaka kukufungia na wewe humo, ndani ya nondo zile, na kitambaa cha mama yako juu. Na ulipouliza Jumapili ninaogopa nini, nikakuambia ukienda uende na wingu lako. Ulitoka ukaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Wewe una jina la mama yangu. Mwanamke yule alinichapa nikiwa na ndevu. Angekuwepo Jumapili ile ningeruka dirishani.

Leo mchana nilitaka nikushtukize. Nikasema nitalifanya mwenyewe, akija akute duka limeshapaa, ashike mdomo. Nikachukua simu, nikafungua lile jambo uliloniwekea. Likataka neno la siri. Nikaandika jina la mama yako. Likakataa, eti ni fupi. Nikaongeza jina la baba yake, mke na mkwe kwa pamoja, likakataa, linataka na namba. Nikaweka namba. Likataka alama. Nikaweka alama ya kuuliza, maana ndiyo hali niliyokuwa nayo. Likakubali, likasema limetuma tarakimu kwenye simu nyingine. Simu ipi? Ile iliyokufa chaji nyumbani, unayoitumia kuchezea muziki! Nikatukana kwa Kisukuma, kile cha zamani, yule muuza karanga akahamisha meza yake.

Kwa hiyo nimeshindwa. Jibu langu ni ndiyo, na siwezi hata kulitekeleza.

Funguo za makufuli yote nimeziweka ndani ya bahasha hii. Nitakupa mkononi kabla ya ugali, sitasema kitu, nitakwenda kukaa nje nijifanye namtazama mbwa. Soma, halafu njoo tuje dukani wote wawili. Mzigo wako mama yako atamalizia, anapenda kupekua. Hamisha kila kitu. Masele mpe ruhusa ya kuona na kuandika, asipewe ya kufuta, namjua. Mimi nipe ile unayoona inanifaa, usinionee haya. Halafu kesho, kabla basi halijafika Nzega, mpigie Mama Zawadi. Wewe, si mimi, mimi atanitukana. Mwambie kuanzia sasa akiuliza pampu saa yoyote, Masele atajibu papo hapo kwa ukweli, hata nikiwa kaburini. Akikutukana pokea, yaliyobaki ni yangu.

Sijui kama utarudi kukaa. Sikuulizi. Nikikuuliza utanidanganya kwa adabu, halafu wote wawili tutakasirika.

Ila nikutahadharishe jambo moja, ili usije ukadhani akili imeniruka. Asubuhi fulani utakuwa kazini huko Dodoma, utafungua uone duka lako, utakuta nimeandika kwamba Ngokolo tuna pampu mia nne, au mkanda wa karasha una urefu wa kutoka hapa mpaka Tinde, au nimemuuzia marehemu Nkuba jenereta. Usisahihishe kimyakimya. Nipigie unigombeze.

Baba yako,
Maduhu